Tenki Likisimama

Ukimwambia mtu kwamba unaendesha tenki la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Kolwezi kule Kongo, atakuuliza kwanza habari za mlima Kitonga, kisha za mlima Senjele. Kila mtu anataka kujua lori linashukaje mlima likiwa na lita 38,000 za dizeli mgongoni. Ni swali la haki. Lakini mlimani dereva ana gia ndogo, ana breki ya injini, na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Akili yake yote iko pale. Mzigo niliopeleka mkoa wa Lualaba mwezi Juni, kwenye mgodi mmoja wa shaba, haukunitia hofu magurudumu yalipokuwa yakizunguka. Hofu ilikuja kila tuliposimama, na njia ya Kongo ni njia ya kusimama.

Nilipakia Kigamboni. Pale hakuna mchezo: simu inabaki getini, injini inazimwa, na kabla bomba la kupakilia halijagusa tenki, waya wa ardhi unabanwa kwanza kwenye chuma. Mafuta yakikimbia ndani ya bomba hujikusanyia umeme, na umeme huo usipopewa njia ya kwenda ardhini utajitafutia wenyewe, kwa cheche. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na swali lake kwa kila dereva mgeni: kupakia petroli kwenye tenki lililotoka kubeba petroli, na kupakia dizeli kwenye tenki hilohilo, ipi ina hatari zaidi? Wengi hujibu petroli. Yeye hutikisa kichwa. Petroli ikiingia hujaza chumba mvuke mwingi mno hadi hewa haitoshi kuwasha chochote. Dizeli ikiingia juu ya mvuke wa jana huunyonya na kuupunguza, na katika kupungua huko mvuke hupita mahali pale pabaya ambapo cheche ndogo inatosha. Kwa hiyo ukibadilisha mzigo, tenki linapaswa kutolewa mvuke kwanza. Wapo wenye magari wanaoona hiyo ni kupoteza siku nzima bure.

Jambo jingine la kupakia ni vyumba. Tenki limegawanywa ndani, na kila chumba hujazwa karibu kujaa lakini si pomoni, maana mafuta yakipata joto hutanuka. Chumba nusu ni adui. Ukikata kona, mafuta yote yanahamia upande mmoja, na wewe ulishamaliza kukata kona wakati yenyewe bado yanakuja. Matenki mengi yaliyolala kando ya barabara hayakuangushwa na mwendo mkali tu. Mengine yaliangushwa na mwendo wa kawaida katika kona ambayo mzigo ulichelewa kuifuata.

Morogoro tulipita mchana. Pale Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka asubuhi, watu wakaja na madumu na ndoo, bodaboda wakaegesha pikipiki zao katikati ya mafuta, na moto ukawachukua zaidi ya watu 100. Utingo wangu ni kijana wa Morogoro na hupita pale bila kusema neno. Msamvu haikuwa ya kwanza. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, ni hivyohivyo, na waliokufa wanazidi 100. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, ilikuwa mbaya kuliko zote hizo: tenki lililotoka Tanzania lilipinduka kijijini jioni, wengi wakiwa kwenye vibanda vya kutazama Kombe la Dunia, na wakafa zaidi ya watu 230. Ukizipanga ajali hizo tatu, unaona jambo moja. Tenki lenyewe lilipoanguka liliua wachache sana au halikuua mtu. Vifo vilikuja baadaye, lilipokuwa limelala pale, limetulia, na watu wakapata muda wa kulifikia.

Kutoka Mikumi kwenda mbele dereva wa mafuta ana mwenzake asiyeonekana. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, limelala ardhini kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na kwa sehemu kubwa linaenda tunakoenda sisi. Lilijengwa kwa sababu ya malori. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ikapoteza njia yake ya mafuta ya kusini, na ikabidi mapipa yabebwe kwa malori kutoka Dar kupitia barabara ya udongo ambayo madereva wa wakati ule waliipa jina la jehanamu. Mvua ikinyesha, mlima ni matope na mzigo ni petroli. Bomba likafunguliwa mwaka 1968. Tangu 2023 linasafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa, na matenki ya Zambia yamepungua njiani. Lakini bomba linaishia Ndola. Kongo haina bomba la kutoka huku, na migodi ya Lualaba ina kiu: yale malori ya shimoni yenye magurudumu marefu kuliko mtu yanakunywa dizeli usiku na mchana, na umeme ukikatika, jenereta nazo zinataka zao. Mwenzangu asiyeonekana akifika Ndola, mimi nabaki na safari.

Zambia nitaipita haraka, ingawa kipande cha Mpika hadi Serenje hakikuturuhusu haraka yoyote. Tunduma tulipoteza siku, Nakonde tukapoteza nyingine, tukala nshima na samaki wa Bangweulu, tukalala Kapiri Mposhi. Baada ya Chingola barabara inaanza kujaa, na ukipita Chililabombwe unakuta mkia wa foleni.

Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ni mji. Una maduka, una wapishi, una mafundi, una wachungaji wa kuhubiri na wasichana wa kuuza karanga. Malori yanayotoka Kongo yamebeba mabamba ya shaba, na magunia makubwa ya kobalti. Yanayoingia yamebeba salfa, chokaa, saruji, mahindi, samaki wa barafu, mashine za migodi, na sisi. Siku nyingine mstari unasogea. Siku nyingine mtandao wa forodha umelala, au upande mmoja wa mpaka umeuchukia upande mwingine. Agosti 2024, kwa ugomvi wa biashara ya bia na vinywaji baridi, Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo siku kadhaa, na waliokuwa wamesimama pale na petroli walikaa nayo.

Kitu cha kwanza ninachokifanya nikisimama Kasumbalesa ni kutembea. Naenda lori la mbele yangu na la nyuma yangu, na yale ya upande wa pili, nasoma kibao cha rangi ya machungwa. Namba yenye tarakimu 4 ndiyo inayosema ukweli: 1202 ni dizeli, 1203 ni petroli, 1830 ni tindikali ya salfa. Dereva anaweza kukudanganya kwa sababu zake. Kibao chake hakina sababu, kama hakijafutwa au kupakwa vumbi kwa makusudi. Nikikuta petroli mbele yangu namwambia utingo tuache nafasi, na foleni ikisogea tusiizibe. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi 50 na kitu. Petroli inautoa hata kwenye baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka chini, unafuata mtaro, unatembea pole pole hadi mahali ambapo mama mmoja amewasha mkaa kukaanga vitumbua.

Kwa hiyo ndiyo, niliwasumbua wauza vyakula. Nilimwomba mama aliyeweka jiko lake karibu na tela la petroli ahamie upande unakotoka upepo. Akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikamwambia mimi ni mteja. Alihamia, na nilinunua vitumbua vingi kuliko nilivyoweza kula.

Jioni ya siku hiyo ndipo ilipotokea ile ya fundi. Kulikuwa na tenki tupu, limeshusha petroli Lubumbashi, linarudi Ndola. Ngazi yake ya nyuma ilikuwa imekatika, na dereva, kijana mdogo, alikuwa ameita fundi wa kuchomelea. Fundi ameshaburuta jenereta yake, ameshavaa miwani. Mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa akinywa chai kando ya lori lake aliinuka, akaenda akasimama kati ya fundi na tenki.

"Kijana wangu, unataka kufanya nini?"

"Ngazi tu, mzee. Nukta mbili. Na tenki ni tupu."

"Tupu ya mafuta, au tupu ya mvuke?"

Kijana akanyamaza.

"Lililojaa lina mafuta, na mafuta hayana hewa ndani yake. Hilo lako lina mvuke na hewa. Chomelea hapo, na sisi wote tuliosimama hapa tutafika Chingola bila kupanda gari."

Fundi alikuwa ameshaanza kukunja nyaya zake. Ngazi ikafungwa kwa kamba ya manila. Nimeandika maneno ya mzee kama nilivyoyakumbuka, na kama kuna shule ya madereva wa mafuta inayomtaka mwalimu, huyo hapo, na hana hata haja ya ubao.

Usiku wa Juni ni wa baridi kule. Tuko juu, na upepo wa kiangazi unapita kwenye kila tundu la mlango. Hapo ndipo baadhi yetu huingiza jiko la mkaa ndani ya kichwa cha lori, wakafunga vioo, wakalala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Madereva wamekufa hivyo, na asubuhi watu wanadhani wamechoka tu, wanawaacha walale. Blanketi mbili na kofia ya sufu ni bei rahisi kuliko hilo. Zaidi ya baridi kuna wezi. Wanakuja na mpira na dumu, au na spana ya kufungulia koki ya chini, na wengine hawajali kitu, wanatoboa. Sisi hulala kwa zamu, mmoja macho, na sili zinakaguliwa kwa tochi kila baada ya muda. Tochi iwe ile ya kazi ya mafuta, isiyotoa cheche. Mwenzangu mmoja aliwahi kuamka akasikia mtu chini ya tela akiwasha kiberiti ili aone koki iko wapi. Alipiga honi hadi foleni nzima ikaamka.

Ukivuka kizuizi, dunia inahamia kulia. Tanzania na Zambia tunakaa kushoto. Kongo wanakaa kulia. Usukani wangu uko kulia pia, kwa hiyo upande wa Kongo mimi nakaa jirani na mtaro, na lori lililo mbele yangu linaniziba nisione kitu. Utingo ndiye jicho langu. Yeye anakaa upande wa katikati ya barabara, anachungulia, anasema "bado" au "twende". Nimeona vijana wa miaka miwili kazini wakimwamini utingo kwa "twende" hiyo wakapita lori kwenye mwinuko. Sheria yangu ni moja: kutoka Kasumbalesa hadi Kolwezi sipiti mtu, labda baiskeli ya mkaa, nayo naipigia honi ndogo kwanza. Hili nalo lina gharama yake. Kwa mwendo wangu, Kasumbalesa hadi Lubumbashi, kilomita 90 tu, ni nusu siku, na wenye mabasi madogo wananitukana kwa lugha tatu.

Lubumbashi tuliliona lile bomba refu la moshi la Gécamines na mlima wake wa masalia ya madini, tukapita pembeni. Kuelekea Likasi tukavuka Lufira. Daraja la mto huo lina historia yake: Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na wenzao waliotoka Lubumbashi kuwaokoa walizuiwa hapo hapo Lufira wasivuke. Siku yetu lililotuzuia ni ng'ombe.

Baada ya Likasi ndipo Lualaba inapoanza kujitambulisha. Ni mkoa wa juzi, umekatwa kutoka Katanga ya zamani mwaka 2015, makao yake Kolwezi, na barabara hii moja ndiyo mshipa wake. Kilomita karibu 180 kutoka Likasi. Vilima vya shaba unavitambua kwa macho: vina majani na maua madogo juu, miti haipo, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi unaifukuza. Wazee wa zamani waliochimba na kuyeyusha hapa kabla ya Mbelgiji walitafuta vilima hivyo hivyo. Siku hizi vingine vimekwisha kugeuzwa kuwa mashimo. Barabarani kuna kila kitu. Mabasi, pikipiki zenye magunia matatu ya mawe ya kijani, malori ya Kichina yanayobadilisha upande bila taarifa, watoto wa shule, na moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao kiangazi hujilaza juu ya lami alfajiri ukafanya barabara iishe ghafla mbele yako.

Na kuna malori ya tindikali. Migodi ya hapa inayeyusha mawe kwa tindikali ya salfa ili kutoa shaba na kobalti, kwa hiyo inaihitaji kwa maelfu ya tani. Nyingine hutengenezwa hukohuko kwa salfa, nyingine huja kwa malori. Ukiliona lori la tindikali utadhani lina tenki la maji ya kijiji, dogo, fupi. Usidanganyike. Lita moja ya tindikali ni karibu kilo 1.84, zaidi ya mara mbili ya dizeli, kwa hiyo tenki dogo lile lina uzito sawa na langu. Tarehe 20 Februari 2019 lori la namna hiyo, likielekea mgodini kwenye barabara hii ya Kolwezi, liligongana na magari mengine penye kijiji cha Kabwe, basi likiwemo, na tindikali ikawamwagikia watu waliobanwa ndani. Walikufa wasiopungua 18. Moto watu wanaujua na wanaukimbia. Tindikali inaonekana kama maji mazito, na mtu anajitosa ndani yake kumvuta mwenzake. Ikikushika ngozini, vua nguo na ujimwagie maji mengi, mengi sana, kwa muda mrefu. Kikombe kimoja hakisaidii. Maji machache juu ya tindikali huchemka na kurukia uso.

Karibu na Fungurume tukasimama tusipopenda. Bomba la upepo linalotoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela lilipasuka, na breki za lori letu zimeundwa hivi kwamba upepo ukiisha zinajifunga. Ni jambo jema. Tela haliwezi kukukimbia. Lakini unajikuta umesimama palepale bomba lilipoamua, na letu liliamua kwenye mteremko, nusu ya lori ikiwa bado barabarani, nyumba za kijiji zikiwa hatua chache.

Tulikuwa na kazi tatu na watu wawili. Utingo alichukua pembetatu za kuakisi akakimbia nyuma juu ya mwinuko, na kwa kuwa madereva wa Kongo huamini zaidi matawi ya miti, akakata na matawi akayapanga barabarani mbali kabisa, kiasi cha lori lililojaa kuweza kusimama. Mimi niliweka vigingi kwenye magurudumu, nikazima swichi kuu ya betri, nikatoa mtungi wa kuzimia moto nikausimamisha nje, upande wa upepo. Nilipogeuka, watoto walikuwa wameshafika, na madumu.

Sikuwafokea. Mtoto akifokewa na dereva mgeni hurudi na kaka yake. Kulikuwa na mama mtu mzima, anauza bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, chini ya mwembe, na kila aliyepita alimsalimu kwa heshima. Nikamwendea, nikamwamkia.

"Papa shofere," akasema, "mazuti iko namwangika?"

"Hapana mama. Mafuta ni mazima. Ni bomba la upepo wa breki tu. Lakini ninaomba unisaidie watoto."

Akaliangalia lori, akaangalia madumu. Kisha akainuka, na sauti iliyotoka sikuitarajia kwa mwili ule.

"Batoto, mutoke apa! Munataka kufwa sawa bale ba Kabwe?"

Walitoka. Kaka zao, waliokuwa wameanza kusogea kutoka kwenye kibanda cha pombe, nao wakarudi. Yule mama aliniambia nile kwanza, kazi baadaye. Nikamwambia utingo ale kwanza, nami nikaanza kufungua nati. Bomba la akiba tulikuwa nalo. Dereva wa njia ya Kongo asiye na mabomba ya akiba, balbu, na mkanda wa feni, huyo anategemea maombi. Ukarabati wenyewe haukuchukua muda. Muda ulikwenda kwenye kungoja upepo ujae tena, huku jua likishuka.

Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Umepoteza siku Tunduma, siku Nakonde, siku sitaki kuhesabu Kasumbalesa, sasa saa tatu nyingine barabarani, na mwenye mzigo amepiga simu. Kolwezi iko mbele, usiku unaingia, lami ni nzuri. Unajiambia utaendesha tu. Mileji yako, yaani posho ya njiani, inahesabiwa kwa safari, haihesabiwi kwa siku za kusimama, kwa hiyo kila saa unayoilala unailipia mwenyewe. Nadhani ajali nyingi za usiku kwenye barabara hii zilianza mchana, mahali fulani kwenye foleni, wakati dereva alipoanza kupiga hesabu ya kuzifidia siku alizopoteza. Tuliendesha hadi penye uwanja wa malori wenye mlinzi, tukalala. Simu ya mwenye mzigo nikaipokea asubuhi.

Asubuhi tukavuka Lualaba. Ni mto mdogo hapa kwa mtu aliyezoea kusikia sifa zake, kijani, unakwenda kaskazini kwa utulivu, na ndio huohuo utakaokuja kuitwa Kongo. Bwawa la Nzilo liko chini yake, linatoa umeme ambao migodi haishibi. Kisha Musompo na maghala yake ya kununulia mawe, na baadaye Kolwezi yenyewe, mji uliojengwa na wachimbaji mwaka 1937 na ambao mpaka leo unachimbwa. Mashimo makubwa yamekaa kando ya mitaa. Kule Kasulo watu walichimba hata ndani ya vyumba vyao vya kulala baada ya kobalti kuonekana. Vumbi ni jekundu, linaingia hadi kwenye chujio la hewa la injini. Pembeni mwa barabara vijana wanaoitwa Kadafi wameweka chupa na madumu ya mafuta mezani, na mwenye sigara anasimama pale pale kubishania bei. Nilipita mbali nao kadiri barabara ilivyoruhusu. Wapo madereva wanaowauzia. Siwatetei, lakini nitasema kwa nini.

Kwanza nimalize mgodi. Getini unapuliza kifaa cha kupima pombe, unavaa kofia ngumu, buti na koti linaloakisi, unapangwa nyuma ya gari la kukuongoza, na mwendo ni ule ulioandikwa. Madereva wengi hulalamika. Mimi napenda. Ndani ya geti sijawahi kuona mtu akiwasha jiko chini ya tenki. Kushusha kunaanza na waya wa ardhi tena, kisha kungoja mafuta yatulie kabla ya kufungua mfuniko na kuingiza kijiti cha kupimia. Kupanda juu ya tenki asubuhi yenye umande kumewavunja madereva wengi miguu. Njia ya juu iwe na reli, na mkono mmoja usiiachie.

Kijiti kikasoma pungufu. Si wizi: sili zote zilikuwa nzima. Nilipakia Dar kwenye joto, nikashusha Kolwezi, mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, asubuhi ya Juni. Dizeli ikipoa nyuzi 10, mzigo wa lita 38,000 hupungua karibu lita 300 bila tone moja kumwagika. Wenye mizigo waangalifu hupiga hesabu ya joto kwanza. Wengine humkata dereva. Mtu aliyekatwa lita 300 mara mbili, tatu, ya nne atajifunza kuzitafuta mwenyewe, kwa Kadafi au kwa mpira wa usiku, na ndipo unapata tenki limefunguliwa kando ya barabara, giza, na mtu mwenye sigara.

Tulirudi tupu, na tenki tupu ndilo nililoliogopa njia nzima hadi Kasumbalesa.

Wenye mizigo, kama mnasoma: siku za foleni zilipeni kama siku za kazi, na upungufu upigieni hesabu ya joto kabla hamjagusa mshahara wa dereva. Serikali mbili za mpaka wa Kasumbalesa, tengeni uwanja wa mafuta peke yake, mbali na jiko na mbali na kanisa. Nanyi mnaokaa kando ya barabara hii, kuanzia Msamvu hadi Kolwezi: tenki likianguka, chukueni watoto mwende upande unakotoka upepo, madumu yabaki nyumbani. Dereva akiwa hai atawaambia limebeba nini. Asipoweza kusema, someni kibao cha rangi ya machungwa mkiwa mbali: 1202 dizeli, 1203 petroli, 1830 tindikali.